Walilamineti Picha ya Mtoto Wangu, Ikarudi Nyeusi

Kwa Mama Dorca wa ukurasa wa Ijumaa,

Nakusalimu kutoka Kondele, na ukiona karatasi hii inanuka usinichukie, mimi ni muuzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, na mikono yangu hata nikiisugua na limau harufu inabaki. Nisaidie Mama kabla Jumapili haijafika, kwa sababu Jumapili kuna watu wanataka kuzika picha ya mtoto wangu na mtoto mwenyewe bado yuko tumboni, ama hayuko, sijui, hiyo ndiyo sijui, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo utanivumilia nikiandika vile mdomo unasema, na majina yetu tafadhali uyabadilishe, nambari yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi.

Mimi naitwa Nanyama, kwetu ni Bungoma, nimeolewa na Oduor ambaye ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na hii ndiyo mimba yangu ya kwanza. Niliijua siku omena ilinishinda. Nilikuwa nampimia mteja gorogoro moja, lile kopo la kupimia, harufu ikanipanda mpaka kwa macho, nikakimbia nyuma ya kibanda nikatapika, na niliporudi yule mteja alikuwa ananiangalia, akasema, "Mama, kama mwenye omena mwenyewe inamtapisha, mimi niipeleke kwa watoto wangu kweli?" Akaenda kwa mwenzangu. Jioni nikanunua kile kipimo cha duka la dawa, mistari miwili, Oduor akakitazama akakigeuza akakitazama tena kama ni pesa ya bandia, halafu akacheka peke yake mpaka akaketi. Tukakubaliana hatutamwambia mtu mpaka tumbo lijiseme lenyewe, kwa sababu kwetu na kwao pia mimba changa haitangazwi. Mtu mmoja tu ndiye niliyemwambia, na hapo ndipo maneno yalianzia.

Huyo mtu ni Rachael. Ni jirani yangu katika ploti, mlango wake na wangu inaangaliana, ameolewa na Calvince huu mwaka wa nne na hajapata mtoto, na siyo kwamba hajajaribu, amekunywa mizizi ya kila rangi, amefunga na kuomba, ameambiwa alale miguu juu ya ukuta akalala hivyo. Mama mkwe wake anakaa Luanda Kotieno, anakaanga samaki pale ufuoni, ni mama mkubwa wa kanisa, na akipiga simu haulizi habari ya nyumba, anauliza tu, "Tumbo linasemaje?"

Sasa tumbo langu likaanza kuvuta chini, siyo sana lakini likanitia hofu, sista wa kliniki akasema niende nipigwe picha ya tumbo. Oduor alikuwa kazini Ahero, kwa hivyo Rachael ndiye alinisindikiza. Niliambiwa ninywe maji mengi na nisiende msalani, nikakaa kwa benchi nimebana miguu karibu saa nzima, na yule aliyekuwa mbele yangu alikuwa haishi kuongea na daktari, mpaka Rachael akamwambia kupitia mlango, "Dada, tafadhali, huku kuna mafuriko!" Nikacheka nusura nijiaibishe. Ndani nikapakwa kitu baridi kama ute wa bamia, daktari wa picha akazungusha kile chombo akanyamaza, na Mama Dorca, kunyamaza kwa daktari ni kubaya kuliko matusi. Mwisho akasema, "Naona mfuko, naona na kitu kidogo kama punje ya mchele. Mapigo ya moyo bado sijayaona. Ni mapema, ni kama wiki sita. Rudi baada ya wiki mbili, na uje na karatasi hii." Akanipa picha, ndogo, ya kijivu, inang'aa, juu ina jina langu. Mimi nililia kwa sababu ya neno "bado". Nikageuka nikaona Rachael naye analia, amenishika mkono, na mimi nilijua ninalilia nini lakini yeye sikujua analilia nini.

Jumamosi nikiwa naosha mabeseni akaja akasimama.

"Nanyama, nisaidie na ile picha."

"Ya nini?"

"Mama mkwe anakuja kesho. Ameongea na watu wa Pap Onditi, wako na msichana wa kuolewa na Calvince, ameshafikisha hata salamu. Nikimwonyesha kitu atanipa muda. Siku moja tu, dada yangu, jioni unaipata."

"Na jina langu liko hapo juu."

"Jina nitalikata na makasi."

Nikampa. Nilimpa kwa sababu ya ule mkono aliponishika, na kwa sababu niliona ni karatasi tu, na mimi bado nina chenyewe tumboni na yeye hana kitu.

Mama akaja Jumapili. Na kwa mila yao mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hivyo kila akija Kondele analala kwangu, kwenye kiti kirefu cha sebule. Umenielewa Mama Dorca? Alilala kwangu na picha ya mtoto wangu chini ya mto. Asubuhi na mapema akapiga magoti akaiweka juu ya Biblia akaiombea, akaiita mjukuu, akaiita Opondo kwa jina la marehemu mume wake, na mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai yake, nikisikia mtoto wangu anabatizwa jina la watu wengine. Alipomaliza akaniangalia akacheka, akaniita binti wa Bungoma kwa Kijaluo, "Nyar Bungoma, na wewe unangoja nini? Rachael ameshakuacha nyuma. Ama huyu Oduor anachomelea milango ya watu na ya kwake imefungwa?" Oduor akacheka naye, anajua nimebeba, alifurahia siri yetu. Mama akamwonyesha picha. Oduor akaishika kwa vidole viwili, akasema hongera Mama, halafu tulipobaki wawili akaniuliza, "Na yetu iko wapi? Si ulipewa?" Nikamwambia imebaki kwa faili kliniki. Akasema, "Basi yetu itafanana na ile." Nikatoka nje nikajifanya nachambua omena.

Siku moja ikawa hakuna kurudishiwa. Mama aliondoka nayo mpaka Luanda Kotieno, akaionyesha kanisa zima. Siku yangu ya kurudi kupigwa picha ikafika na sina karatasi, nikasema nitaenda kesho, kesho nikasema kesho, na Mama Dorca nikikwambia ukweli siyo karatasi tu iliyonizuia, niliogopa lile neno "bado" ligeuke "hakuna".

Juzi Jumanne Mama akarudi. Akasema picha imekunjika pembeni kwa kushikwashikwa na akina mama wa kanisa, sasa anataka ailamineti kama alivyolamineti cheti cha Calvince cha darasa la nane, aitundike ukutani isiharibike mpaka mtoto aje ajione. Akasema nimwonyeshe mahali. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikampeleka pale saiba wanapotoa kopi. Yule kijana akaitia kwenye plastiki, akaipitisha kwenye mashine, ikaingia upande huu na mtoto, ikatoka upande ule nyeusi. Nyeusi tii, kama chini ya sufuria ya kuni, huoni mfuko, huoni punje, huoni chochote. Kijana akaigeuza akasema, "Mama, hii karatasi yako ilikuwa na shida." Mama akapiga ukemi hapo hapo barabarani, "Uwi! Uwi yawa! Nyathi amezimika!" Nyathi kwao ni mtoto. Watu wa bodaboda wakashuka kwa pikipiki.

Tulipofika ploti Rachael akatoka nje, akaona ile karatasi nyeusi, akaniangalia mimi, na nikaona kabisa macho yake yanapiga hesabu. Halafu akajishika tumbo akaanguka kwenye kiti. Wanawake wakajaa. Mama akaniita, "Nyar Bungoma, usisimame tu kama mlingoti, mpepee!" Nikampepea na kifuniko cha ndoo. Mimi ndiye mwenye mimba nampepea asiye na mimba, watu wanalilia mtoto wangu na mimi ndiye nawatuliza, na sikuweza kulia kwa sababu ningeulizwa nalia nini.

Baadaye tukakutana kwenye mfereji wa kuchotea maji. Akaninong'oneza, "Mungu amenifungulia. Nitasema imetoka. Hakuna atakayeniuliza, picha yenyewe imeshasema."

"Na ya kwangu?"

"Ya kwako si iko tumboni? Si iko?"

Nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka.

Sasa Mama ameamua Jumapili baada ya ibada wataipeleka ile picha Luanda Kotieno imefungwa kwa leso nyeupe, waizike nyuma ya nyumba yake, ili kile kilichoifanya nyeusi kisirudi. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia hiyo si desturi ya Wajaluo wala ya wakristo, akaambiwa anyamaze, yeye hakuzaa.

Na kitu cha mwisho ndicho kinanimaliza. Tangu Jumanne sitapiki. Leo nimepima gorogoro sita za omena na pua yangu imetulia kama ya mtu wa kawaida. Nakula tu odowa, yale mawe laini ya sokoni, nayatafuna mchana kutwa kwa wasiwasi. Je, mtoto wangu alizimika ndani ya ile mashine? Nikisema ukweli nitavunja ndoa ya Rachael, nisiposema wanaweka mtoto wangu kwenye shimo. Oduor hajui lolote. Nifanye nini Mama, nina miaka ishirini na tatu na sijui hata nianzie wapi.

Ni mimi,
Nanyama, Kondele

*

Nanyama, mama wa karatasi,

Barua yako imenifikia Alhamisi. Nimekupigia simu mara tatu hukushika, naona ulikuwa unatafuna mawe. Kwa hivyo najibu hapa, na gazeti hili likitoka uwe umeshavaa viatu. Majina nimeyabadilisha. Omena nimeiacha, maana nusu ya Kondele ni omena.

Nimesikia watu wakikopesha sufuria. Nimesikia mtu akikopesha nguo ya harusi, na mwingine alikopesha mume akajuta. Lakini kukopesha mimba, hii ni ya kwanza. Jirani anakuja na makasi mkononi akikwambia atakata jina lako, na wewe unampa? Makasi hayakukushtua? Mtu anayetaka kuonyesha tu kitu kisha akirudishe hakati jina la mwenyewe.

Tuanze na hiyo mashine yenu ya uchawi. Umewahi kupewa risiti ya supamaketi, ile laini inayong'aa? Nenda kaiweke juu ya kifuniko cha sufuria ya uji inayochemka. Ngoja kidogo. Itakuwa nyeusi kama roho ya shemeji yako. Karatasi ya picha ya tumbo ni ya ukoo huo huo. Haina wino, inaandikwa kwa moto, na ikipata moto mwingi inajiandika yote. Na mashine ya laminesheni ni nini? Ni pasi mbili zinazobusiana. Mlichukua karatasi inayoogopa joto mkaipiga pasi pande zote mbili, mkalipia, kisha mkapiga ukemi. Hata mngelamineti picha ya ng'ombe aliye hai zizini ingetoka hivyo, na ng'ombe angeendelea kula majani. Huyo kijana wa saiba anastahili bakora mbili, kwa sababu kama hakujua kazi yake angeuliza, na kama alijua angesema.

Kwa hivyo hapana, mtoto wako hakuzimika ndani ya mashine ya mtu. Hajawahi kufika pale. Alikuwa nawe, ndani yako, wakati wewe umesimama pembeni unaduwaa.

Lakini usishangilie. Sasa nakuja kwa lile ulilolificha katikati ya maneno mengi, na ukadhani sitaliona. Uliambiwa wiki mbili. Sasa ni karibu tatu. Karatasi ilikuwa kisingizio na unajua, umekiri mwenyewe. Unaniuliza mimi kama mtoto yuko hai. Nanyama, mimi ninakaa kwenye kiti cha plastiki na miwani ya kuazima. Sijui. Wewe pia hujui. Kutapika huja na huenda, mwingine hutapika mpaka siku ya kuzaa, mwingine hatapiki hata siku moja na anazaa mtoto wa kilo nne, na mwingine hofu yenyewe humfunga tumbo. Pua yako si daktari. Mawe ya odowa si daktari. Kuna mtu mmoja mwenye chombo, umemkimbia, halafu umekuja kuniuliza mimi.

Sikia, na hapa sikucheki. Mimi nina watoto watano ninaowahesabu kwa sauti na mmoja ninayemhesabu kimya, aliondoka kabla hajafika miezi mitatu. Hakuondoka kwa sababu ya picha, kijicho, wala jina aliloitwa na mtu. Aliondoka kama wengi wanavyoondoka mapema, bila kosa la mtu. Na nilichelewa kwenda kujua, nikakaa siku kumi nikijidanganya, na zile siku kumi ziliniumiza kuliko jibu. Kwa hivyo nakukataza kukaa siku kama zile.

Jumamosi asubuhi unaenda. Bila karatasi. Daktari alikuambia uje nayo kwa sababu inasaidia, hakusema mlango utafungwa ukiikosa. Mwambie tarehe, mwambie uliambiwa ni kama wiki sita, wana madaftari yao watatafuta. Ukiulizwa karatasi iko wapi, sema imeungua. Hutakuwa umedanganya. Beba kitabu cha kliniki. Na zile tembe za damu ulizopewa, ambazo nina hakika ziko kwenye kopo zinangoja Pasaka, uanze kuzimeza leo, na odowa umpe Rachael, yeye hana mimba haitamdhuru sana. Tena sikia vizuri, ukiona damu, au maumivu makali ya upande mmoja, au kizunguzungu cha kuanguka, usingoje Jumamosi, usiningoje mimi, panda chochote kinachotembea uende hospitali saa hiyo hiyo.

Na unaenda na Oduor. Leo jioni unamwambia yote, kuanzia makasi. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, alishika picha ya mtoto wake mwenyewe kwa vidole viwili akampongeza mtu mwingine. Hiyo ndiyo sehemu ya barua yako iliyonichoma, kuliko ukemi wote wa barabarani. Mwanamume aliyecheka peke yake mpaka akaketi umemfanya mgeni kwa mtoto wake, ili usimuudhi jirani.

Sasa Rachael. Namhurumia, nisiseme uongo. Miaka minne ya kuulizwa "tumbo linasemaje" inaweza kumfanya mtu aibe hata kivuli. Lakini huruma yangu inaishia pale kwenye mfereji, alipokuambia Mungu amemfungulia mlango, na mlango wenyewe ni mtoto wako. Nenda kwake leo mchana, usipeleke wapambe. Mwambie hivi, "Jumapili nitakaa kwangu. Sitapepea mtu, sitalia na mtu, na mama mkwe wako akiniuliza nitasema ile picha ilikuwa yangu. Una mpaka kesho jioni umwambie mumeo mwenyewe." Basi. Usimwendee mama mkwe wake wewe, usiende kutangaza kanisani, ndoa si yako. Lakini uongo uliopandwa sebuleni kwako usiumwagilie maji tena.

Utaniambia ndoa itavunjika. Nikuulize kitu, ndoa ipi? Nimesoma barua yako mara mbili nikimtafuta Calvince. Mama yake anaongea, Rachael anaongea, mumeo anaongea, kijana wa saiba anaongea, hata mteja wa omena ana maneno. Calvince hana hata "habari za asubuhi". Mkewe ameanguka kwenye kiti, ploti nzima imejaa, na yeye yuko wapi? Cheti chake cha darasa la nane kimetundikwa ukutani kinang'aa, lakini yeye mwenyewe hajawahi kutundikwa mbele ya daktari hata dakika moja, nina hakika. Mimba hutafutwa na watu wawili na hukosekana kwa watu wawili. Rachael akimwambia ukweli kesho, aongeze na sentensi moja, "Jumatatu tunaenda kupimwa, wewe na mimi." Akikataa, msichana wa Pap Onditi apewe salamu zangu na pole zangu, kwa sababu naye ataulizwa tumbo linasemaje.

Na wewe Mama wa Luanda Kotieno, najua huko samaki hufungwa kwa magazeti na hili litakufikia. Uliiombea karatasi kwa magoti na mke wa mwanao ukamuombea kwa vitisho. Ungegeuza tu, magoti yawe kwa Rachael na vitisho kwa karatasi, leo usingekuwa na jeneza la leso. Chimba shimo ukitaka, utazika plastiki, na plastiki haiozi. Ila nakuheshimu kwa kitu kimoja. Ulimpenda mjukuu ambaye ni kama punje ya mchele, tena wa kijivu. Mapenzi hayo umpe Rachael hata akiwa na tumbo tupu, uone kama hataacha kuiba.

Narudi kwako Nanyama. Unauliza kama wakiweka ile karatasi kwenye shimo wanazika mtoto wako. Hapana. Waache waende. Wewe usiende. Jumapili hiyo kaa nyumbani kwako na habari yako, iwe njema au iwe mbaya, lakini iwe yako.

Jumamosi kunywa maji mengi, bana miguu, na ukikuta mbele yako kuna yule asiyeisha kuongea, gonga mlango. Ukilala pale usifumbe macho. Mwombe daktari ageuze skrini Oduor aone. Kukiwa na kitu kinapepesa, mwache alie, wanaume hulia kwa sauti mbaya lakini huisha haraka. Kukiwa hakuna, shika mkono wake hivyo hivyo, usikilize unaloambiwa ufanye, ulifanye. Ukipewa picha ya pili usimwazime mtu, usiiweke karibu na jiko, na ukiipeleka saiba nitakuja Kondele mwenyewe.

Nambari yangu iko juu ya ukurasa huu. Jumamosi sitaenda sokoni. Nitakaa na simu mapajani, na safari hii, mwanangu, piga wewe.

Mama Dorca